Mkono wa Mheshimiwa

Diwani alisinzia mbele ya watu mia tatu, mchana kweupe, ameketi kiti cha mbele kabisa, siku ya kufungua kisima cha shule. Hilo peke yake lisingekuwa neno. Viongozi wangapi wamesinzia katika hotuba za wenzao? Lakini kichwa kilipomwangukia kifuani koti likafunguka, na kutoka mfuko wa ndani ikaporomoka chupa ndogo ya kahawia, ikabingirika jukwaani hadi miguuni mwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akaiokota, akaisoma kwa sauti kama anayeita majina ya darasa: "Dawa ya kikohozi. Watu wazima, kijiko kimoja mara tatu kwa siku." Ndani lilibaki tone moja. Akamwita Diwani mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu akamtikisa bega. Diwani akafumbua macho, akasema, "Napitisha," kama mtu aliye kwenye kikao, akalala tena.

Jua lilipotua hakukuwa na simu mtaani isiyokuwa na Diwani ndani yake amelala. Kulipokucha alikuwa ameshapata jina: Mheshimiwa Kohoa.

Na uchungu wa jambo lenyewe ni kwamba pombe mtu huyu hakuijua hata harufu. Alikuwa fundi mizani, mtengenezaji wa mizani za sokoni, na watu walimpa kura kwa sababu hiyo hiyo. Aliyezoea kutafuta uzito wa kweli, walisema, hatatupunja. Kikohozi alikipata kwa vumbi la chuma. Kikohozi kikapona, chupa haikupona. Ikawa moja kwa siku, ikawa tatu, ikawa mkewe anazikuta chini ya godoro, ndani ya viatu, ndani ya sanduku la mawe ya kupimia.

* * *

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na dirisha lililotazama kichochoro. Hapo mkewe aliweka cherehani, maana alikuwa mshonaji wa sare za shule na alitaka mwanga. Na hapo hapo watu walileta karatasi zao. Anayetafuta kazi, anayefungua akaunti benki, anayeandikisha mtoto shule, wote walihitaji barua ya Diwani: namtambua fulani, ni mkazi wangu. Saini, muhuri, asante, kwaheri.

Jumatano ile foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Nusu walikuja na karatasi, nusu walikuja na macho.

"Hodi, mama. Mheshimiwa kaamkaje?"

"Kaamka salama."

"Na kifua?"

Mtu wa nyuma akakohoa makusudi. Kicheko kikapita foleni nzima kama upepo kwenye majani makavu. Mkewe akaendelea kupokea karatasi, moja moja, bila kuinua uso.

"Chekeni," alisema fundi viatu, mzee mfupi aliyekuja kuombea mjukuu wake barua ya shule. "Mimi nasema asitoke. Aliyemtangulia huyu hakunywa hata soda, na alitutafuna mpaka mifupa. Huyu anasinzia, haya, anasinzia. Lakini kisima si kimechimbwa?"

"Kimechimbwa," alijibu muuza mkaa. "Ila dereva akisinzia, abiria hawaulizi kama ana roho nzuri."

"Ni ugonjwa ule, bwana."

"Mgonjwa hulazwa. Haketishwi kwenye usukani."

"Wewe huna aibu! Kila nyumba ina chupa yake. Yako tuiseme hapa?"

"Yangu nainywea kwangu, mzee. Sikuomba kura ya mtu."

Wakacheka tena, safari hii kwa zamu, wengine upande huu, wengine ule. Mkewe akakusanya karatasi tisa. "Subirini kidogo," alisema. "Mheshimiwa anasaini." Akavuta pazia.

Nyuma ya pazia hakukuwa na Mheshimiwa. Kulikuwa na meza ya kukatia vitambaa, muhuri na kalamu. Yeye mwenyewe akaketi, akaanza kusaini.

Alianza miezi saba nyuma, kwa barua moja. Binti wa jirani alikuja analia, usaili wa kazi ni saa tatu na Diwani haamki hata kwa kumwagiwa maji. Mshonaji ni mtu wa kufuata mstari; mwonyeshe kola mara moja, ya pili ataikata kwa macho. Saini ya mumewe aliikata hivyo hivyo: mkunjo wa mwanzo kama ndoana, mstari mrefu, kisha nukta mbili zilizodonolewa chini. Baada ya ile ikaja ya pili, ikaja ya kumi. Diwani, katika ukungu wake, akiambiwa asante na watu njiani, aliamini kweli amezisaini. Na watu walimsifu: huyu hakawizi, huyu hana njoo kesho.

Kughushi saini ya kiongozi ni jela. Hilo mkewe alilijua tangu barua ya kwanza, na kila alipodonoa zile nukta mbili alilikumbuka. Lakini mkono haukutetemeka. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi kuliko yote.

* * *

Mchana ule ule akaja katibu wa chama, viatu vinang'aa, faili kwapani. Akakaribishwa chai. Akaitazama, akacheka. "Shemeji, hii haina dawa?" Hakuna aliyecheka naye. Kikombe hakukigusa.

Mama mzazi wa Diwani, ambaye mtaa wote ulimwita Bibi, alikuwa ameketi kitini pembeni ya cherehani, miguu imevimba, fimbo mapajani. Diwani mwenyewe alikuwa chumbani, chini ya blanketi mbili, anatoka jasho. Mkewe alikuwa amemfungia chupa zote tangu jana, na meno yake yalisikika yakigongana mpaka sebuleni.

"Tumeokoka," alisema katibu. "Jumamosi saa tatu kamati ya baraza inakaa. Wanataka ajiuzulu. Wanasema mtu wa namna hii hawezi kazi. Sasa tazameni." Akafungua faili, akapanga karatasi juu ya vipande vya sare. "Barua kumi na nne. Nimezunguka benki, nimezunguka shule, nimezikusanya mwenyewe. Zote za Jumanne. Jumanne ile ile! Asubuhi katia saini barua kumi na nne, safi, zimenyooka, ndipo akaenda kisimani akachoka, akalala. Mlevi anaandika hivi? Someni wenyewe!"

Bibi akainua karatasi moja, akaileta karibu na macho ingawa kusoma hakujua. "Mkono wa mwanangu," alisema. "Toka mtoto, mwandiko wake ulikuwa kama umechongwa."

Mkewe akashika ukingo wa meza. Karatasi zote kumi na nne alizijua. Ile ya tatu ilikuwa na alama ndogo ya mafuta ya cherehani.

"Kwani lazima abaki?" aliuliza. "Akiandika tu kwamba anaumwa, akaacha kiti kimya kimya?"

"Shemeji." Katibu alivuta kiti. "Akiacha kimya kimya, nani anaingia? Wapinzani wake. Nao wakiingia watafungua kila kabati. Kila barua aliyotoa mtu huyu itapimwa chini ya kioo. Unataka hivyo?"

"Sijasema nataka."

"Basi. Jumamosi ataulizwa swali moja: hizi saini ni zako? Atajibu neno moja. Ndiyo. Tunarudi nyumbani. Watu wana kumbukumbu ya kuku. Mwezi ujao watamcheka mwingine."

"Kujiuzulu ni kukiri," alisema Bibi. "Katika ukoo wetu hakuna aliyekiri."

Katibu akakusanya barua zake taratibu, akazihesabu, akaondoka. Mkewe akabaki amesimama mbele ya kikombe kilichojaa.

* * *

Alhamisi alikuja Mama Vitunguu. Hakusimama kwenye foleni. Alingoja pembeni mpaka watu wamekwisha, kisha akasogea dirishani na kikapu chake kichwani. Mumewe alikuwa amekufa mwaka jana. Yeye alibaki na meza yao sokoni, namba thelathini na moja, akiuza vitunguu.

"Sikuja kwa ubaya, mama," alianza. "Nimekuja kuuliza tu."

"Uliza, mama."

Akatoa nakala ya barua iliyokunjwa mara nne. "Mdogo wa marehemu, shemeji yangu, ana hii. Inasema mimi nimehama mtaa, nimerudi kwa wazazi wangu, meza apewe yeye. Wiki ya tatu sasa nauzia chini, pale mfereji unapopita. Nimemlilia msimamizi wa soko. Anasema yeye hana ndugu wala huruma, ana saini tu. Saini ya Mheshimiwa ipo, muhuri upo, yamekwisha."

Mkewe hakuhitaji kuisoma. Alimkumbuka yule bwana: shati jeupe, sauti ya taratibu, alimwita dada, akasema mjane wa kaka yake kaenda kupumzika kwa wazee wake, maskini, na meza inaoza. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo. Alidonoa zile nukta mbili, akaita, "Anayefuata!"

"Ninachoshangaa," aliendelea Mama Vitunguu, "Mheshimiwa meza yangu anaijua kama chumba chake. Yeye ndiye aliyeweka kibao chini ya mguu wa meza hiyo ili mizani ikae sawa. Aliniona Ijumaa tu kabla ya barua hii, akanisalimu. Angeandikaje kwamba nimehama?" Kisha akasema polepole, akimtazama machoni: "Ndiyo maana sikutaka kumwuliza yeye. Nimekuja kwako."

Mkewe akanyoosha mkono apokee barua. Nyuma yake pazia likasogea. Diwani alikuwa amesimama pale, blanketi mabegani, macho mekundu, midomo imekauka.

"Meza thelathini na moja?" alisema. "Mimi? Hebu leta."

Akaipokea barua kupitia dirishani. Karatasi ikapiga kelele mkononi mwake, namna alivyotetemeka. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Nenda, mama," alimwambia Mama Vitunguu. "Jumamosi njoo ukumbini. Njoo, usikose."

Alipokwisha kwenda, Diwani akaketi kwenye rundo la sare.

"Nani kaandika hapa?"

Mkewe akageuza gurudumu la cherehani.

"Hii si yangu. Nzuri mno. Mimi mkono wangu haujanyooka hivi tangu sijui lini." Akainua uso. "Ngapi?"

"Sikuwa nahesabu."

"Ngapi, mke wangu?"

"Zote. Tangu mwezi wa tatu, zote."

Diwani akafunika uso kwa ile karatasi. "Umeniibia mkono."

"Ulikuwa huutumii."

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Nilikuamsha!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, akaishusha haraka kwa sababu ya dirisha. "Kila siku nilikuamsha. Watu wamesimama hapo nje, huyu usaili, huyu mtoto kafukuzwa shule, nikuache ulale, waseme nini? Nilisema leo tu. Kesho atakuwa mzima, atasaini mwenyewe. Kila siku nilisema leo tu."

"Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo," alisema Diwani.

* * *

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, walifunga dirisha wakaweka karatasi ya kufungia bidhaa juu ya meza ya kukatia. Bibi ndiye aliyelitoa wazo hilo. Wanakamati wanaweza kumtaka asaini mbele yao, alisema, na mkono utaaibisha nyumba, afadhali ajizoeze.

Basi fundi mizani, mtu wa miaka hamsini na mitatu, akafundishwa saini yake na mkewe.

"Anza na ndoana. Usibonyeze. Vuta. Unavuta kama unakata kitambaa laini, mkono mzima, si vidole."

Akavuta. Mstari ukaenda kama nyoka aliyekanyagwa.

"Tena."

"Si hii?"

"Hii ni ya mtu mwingine. Tena."

Jasho lilimdondoka juu ya karatasi. Alijaribu mara thelathini. Katika thelathini, mbili zilifanana kidogo, ukizitazama kwa mbali na ukiwa na nia njema. Mkewe akamshika kiganja kutoka nyuma, akamwongoza kama alivyowaongoza wanafunzi wake wa ushonaji, na kwa mara moja saini ikatoka yenyewe, nzuri. Wote watatu wakaitazama. Hakuna aliyeisifu.

"Jumamosi hutakuwa naye mgongoni," alisema Bibi.

"Najua, mama."

"Kwa hiyo usikubali kuandika. Sema ndiyo, ni zangu, kaa chini."

"Na Mama Vitunguu?" aliuliza mkewe.

"Vitunguu vinauzika hata chini, mkwe wangu. Wangapi wanauzia chini?"

"Vikilowa vinaoza, mama," alisema Diwani.

Bibi akagonga fimbo sakafuni. "Mimi nikianguka humu ndani nani ananiokota? Wewe uliyelala, au huyu atakayekuwa gerezani? Niambieni, nisikie."

Diwani akaweka kalamu chini, mikono akaibana katikati ya magoti isionekane. "Nikisema si zangu, unakwenda wewe," alimwambia mkewe. "Nikisema ni zangu, ile ya meza nayo ni yangu, na anabaki mferejini yule mama. Nimelizungusha usiku kucha. Sioni upande mwepesi."

"Utasema nini?"

"Nitajua nikifika."

Mkewe alichukua karatasi ile yenye saini thelathini, akaitia jikoni, akaisimamia mpaka ikawa majivu.

* * *

Ukumbi wa baraza ulijaa kabla ya saa tatu. Fundi viatu alikuwepo, muuza mkaa alikuwepo, foleni nzima ya dirishani ilikuwa imehamia kwenye mabenchi. Mama Vitunguu aliketi mstari wa nne, kikapu miguuni. Mkewe Diwani alikaa mstari wa pili, katibu ubavuni mwake, ananukia manukato.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama wa makamo, mkunga mstaafu. "Nimezalisha nusu yenu," alisema alipogonga meza. "Atakayekohoa makusudi namtoa nje kama nilivyomtoa mara ya kwanza." Wakacheka, wakatulia.

Diwani wa kata jirani alisimama akasema yake: kwamba yeye hana chuki na mtu, lakini mtu asiyejimudu mwenyewe atawamudu vipi watu elfu nne. Katibu akasimama akasema yake, akitembea huku na huko, akainua barua kumi na nne moja baada ya nyingine kama mnadi wa nguo. "Udhaifu wake ni wa nyumbani kwake," alimalizia. "Kazi yake ni hii hapa. Mhukumuni kwa kazi!" Wengine wakapiga makofi. Muuza mkaa hakupiga.

Mwenyekiti akamsogezea Diwani zile barua. "Saini hizi ni zako?"

Diwani akasimama. Suti ilimning'inia; siku nne zilikuwa zimempunguza. Akamtazama mkewe, mara moja tu, upesi.

"Ni zangu," alisema. "Hizi na nyingine zote. Muhuri nilikabidhiwa mimi."

Mkewe akasikia pumzi ikimtoka kama hewa kwenye mpira. Katibu akamgusa mkono, akitabasamu.

"Na kati ya hizo nyingine ipo moja," aliendelea Diwani, "iliyomnyang'anya mama yule pale meza yake. Ni ya uongo. Hakuhama, hajahama. Mimi ningekuwa macho nisingeitoa, maana meza ile naijua. Sikuwa macho." Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Nimekuwa nikijiambia chupa ni yangu, kifua ni changu, nimemkosea nani? Sasa nimemwona mmoja. Kama wapo wengine, sijui. Hapo ndipo penye tabu, Mama Mwenyekiti: sijui. Ningejua kwamba ni huyu tu, ningewaomba radhi nikabaki. Lakini siwezi kukalia kiti ambacho sijui nilifanya nini nilipokikalia. Naacha. Na barua ile ya meza naifuta sasa hivi, kabla sijatoka."

Tabasamu la katibu likakauka. Ukumbi ukavuma. Mwenyekiti akangoja mvumo upite, akamwambia karani aandike barua mbili, ya kujiuzulu na ya kufuta. Msimamizi wa soko akaitwa kutoka sokoni, mtu mwembamba mwenye miwani, akaja na barua ya shemeji wa Mama Vitunguu kwenye bahasha.

Diwani akasaini ya kujiuzulu. Hiyo hakuna aliyeijali ilivyo. Akasaini ya kufuta. Msimamizi akaiweka kando ya ile ya mwanzo, akavua miwani, akaivaa.

"Mheshimiwa," alisema, "mizani yangu ulinitengenezea wewe, nakuheshimu. Lakini hii siwezi kuipokea. Hazifanani hata kidogo. Kesho yule bwana atakuja na wakili, aniulize nimefuta kwa mkono wa nani."

"Naumwa. Mkono unatetemeka."

"Naona. Jaribu tena."

Karani akaandika nyingine. Diwani akaanza na ndoana, akavuta, mstari ukaruka. Ya tatu ikawa mbaya kuliko ya pili. Mtu mmoja nyuma akaguna kwa huruma, na hiyo huruma ikauma kuliko kicheko chote cha wiki ile. Mwenyekiti akazitazama barua kumi na nne mezani, akazitazama hizi tatu, na uso wake ukabadilika kidogo.

"Basi," alisema baadaye, "kujiuzulu kumepokelewa, kumeshuhudiwa na wote. La meza liende kwenye uchunguzi."

"Muda gani, mama?" Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Mama Vitunguu kusema.

"Miezi mitatu. Pengine minne. Kwa sasa barua inayotambulika ni ile ya kwanza."

Mama Vitunguu akaitikia kwa kichwa. Akainama, akaanza kukitengeneza kikapu chake ambacho hakikuwa kimeharibika.

"Yamekwisha, shemeji," katibu alinong'ona. "Kiti kimekwenda, lakini wewe umepona. Tulia hivyo hivyo."

Ilikuwa kweli. Ilitosha kukaa. Mkewe akakaa, akahesabu pumzi zake, moja, mbili, tatu. Akasimama.

Kutoka benchi la nyuma mkono ukamshika gauni. Alikuwa fundi viatu. "Kaa, mwanangu," alisema bila kufungua midomo. "Kaa. Kivuli chako tulikuwa tukikiona kwenye pazia siku zote. Hatukusema sisi. Usiseme wewe."

Akaangalia nyuma. Muuza mkaa alikuwa anatazama viatu vyake. Binti yule wa usaili naye. Benchi zima lilikuwa linatazama chini, na hapo akaelewa kwamba ile siri alikuwa hailindi peke yake.

Akautoa mkono wa mzee taratibu, akaenda mbele. Haikuwa safari ndefu, hatua kumi na mbili. Mumewe alimwona akija, akaikamata kalamu kwa ngumi.

"Usifanye," alimwambia. "Nimeshasema ni zangu."

"Niachie."

"Nimeshasema, mke wangu."

"Nimekusikia. Niachie kalamu."

Akaiachia. Mkewe akavuta barua ya kufuta, akainama, akaweka ndoana, akavuta mstari mrefu kwa mkono mzima, akadonoa nukta mbili. Akaisogeza kwa msimamizi wa soko.

Msimamizi akaziweka sambamba. Akatazama ya kwanza, akatazama ya pili. "Hii ndiyo," alisema, kwa furaha ya mtu aliyepata alichokuwa anatafuta. Kisha akasikia alichokisema. Akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa amefumba macho.

"Wewe si unakwenda kwa saini?" mwenyekiti alisema, macho bado yamefumba. "Gonga muhuri."

Akagonga. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba mlio ule uliwafikia hata waliosimama nje. Mwenyekiti akamwinamia karani, akamnong'oneza, na karani akatoka kwa mlango wa pembeni kumwita askari.

Mama Vitunguu alikuja kuchukua karatasi yake. Akaishika kwa mikono miwili, akasimama mbele ya yule mwanamke wa dirishani, asijue kama ashukuru au aombe radhi. "Na wewe sasa, mama?" aliuliza.

"Wahi sokoni," mkewe Diwani alimjibu. "Leo Jumamosi, wanunuzi hawatakungoja."

Mama Vitunguu akajitwika kikapu, akaenda. Diwani alikuwa ameketi, mikono juu ya meza, inatetemeka mbele ya watu wote wala haifichi tena. Mkewe akabaki amesimama pale pale kando yake, maana hakuna aliyemwambia aende wapi.